Wahamiaji na Haki ya Mji: Uhakiki wa Vocabulaire de Ville de Elisabethville ya André Yav

Utangulizi

Hadithi ya mhamiaji ina umbo lililozoeleka. Mtu anaondoka kwao kwa sababu ya njaa, vita au kodi; anafika ugenini na kupata taabu; anavumilia; mwishowe yeye au watoto wake wanapata kazi, nyumba na heshima. Umbo hili limekomaa zaidi katika fasihi ya Marekani, ambako karibu kila jamii iliyovuka bahari imeandika vitabu vya namna hiyo. Siku hizi linatuhusu kwa karibu. Katika miaka iliyotangulia Januari 2025, mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa, Wakongo walikuwa miongoni mwa waliopokelewa kwa wingi zaidi nchini humo. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili, na baadhi walikuwa wamekaa miaka mingi katika kambi kama ile ya Nyarugusu, magharibi mwa Tanzania. Kabla ya kukubaliwa, kila familia ilihojiwa na maofisa, ikaeleza iliteswa wapi, na nani, na kwa nini haiwezi kurudi. Hivyo basi simulizi lenyewe lilikuwa sehemu ya safari. Aliyeshindwa kuzipanga taabu zake kwa namna inayoeleweka na ofisa alikuwa katika hatari ya kuachwa.

Makala haya yananuia kuhakiki matini ya uhamiaji iliyoandikwa kwa namna nyingine kabisa, nayo iliandikwa hapa Lubumbashi, mji ambao kwa wengi wa wakazi wake wa kwanza ulikuwa ugenini. Matini hiyo ni Vocabulaire de Ville de Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, yaani maboyi. Tunatoa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kitabu hiki kinabadili swali la hadithi ya mhamiaji: badala ya kuuliza mgeni alifanikiwa vipi, kinauliza mji ni wa nani. Ya pili ni kwamba jibu lake, linaloegemea kazi peke yake, lina upungufu mkubwa, kwa sababu linaiacha familia nje. Lakini familia hiyo iliyokosekana katika masimulizi imo katika lugha ambayo masimulizi hayo yameandikwa.

Matini na mazingira yake

Vocabulaire ni kijitabu kifupi kilichopigwa taipu na kurudufiwa. Jina lake ni la Kifaransa, matini yake ni ya Kiswahili cha mji huu. Wasomi wengi walikifahamu kupitia toleo la Johannes Fabian lililochapishwa mwaka 1990, ambalo lina matini, tafsiri ya Kiingereza na insha ya ufafanuzi. Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alisaidiwa na Kalundi Mango, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Jambo moja katika kazi yao linafaa kukumbukwa. Kwa kuwa mwandishi hakufuata kanuni za shule katika kutenganisha maneno wala katika kuweka alama za uandishi, ilibidi Kalundi aisome matini kwa sauti ili maana yake idhihirike. Kwa maneno mengine, tunayo maandishi ambayo yanakamilika yanaposikika.

Masimulizi yanaanzia nyakati za Leopold II na kuja kwa Wazungu wa kwanza, yanapitia kuanzishwa kwa mji na maisha ya kazi chini ya ukoloni, na kufikia miaka ya uhuru. Ili kuyaelewa ni lazima kukumbuka jinsi mji ulivyopata watu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Katanga, na mwaka huohuo Elisabethville ikaanzishwa katika nchi ya Walamba. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911. Nchi iliyozunguka mji haikuwa na watu wa kutosha kwa kazi iliyotakiwa, wala waliokuwapo hawakuwa na hamu ya kuingia mgodini. Kwa hiyo kampuni na ofisi ya kuajiri, Bourse du Travail du Katanga, zikawatafuta wafanyakazi mbali: kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Lomami na Kasai, na kuanzia miaka ya 1920 pia Ruanda-Urundi. Wengi walisukumwa na kodi. Wengine walitolewa na machifu wao. Wapo pia waliokuja kwa hiari yao, wakitafuta fedha, nguo na maisha mapya.

Katika miaka ya mwanzo mfanyakazi alitazamwa kama mpita njia. Aliletwa bila mke, akafanya kazi kwa muda mfupi, akarudishwa au akafa kwa maradhi. Kuanzia mwaka 1928 hivi Union Minière ilibadili siasa yake: mikataba ikawa ya miaka mitatu, wafanyakazi wakahimizwa kuishi na wake zao, na kambini zikajengwa nyumba, zahanati na shule. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma tu. Ilikuwa imegundua kwamba mtu mwenye mke na watoto karibu naye hukaa kazini muda mrefu, na kwamba mtoto wa leo ni mfanyakazi wa kesho. Msukosuko wa uchumi wa mwanzo wa miaka ya 1930 ulionyesha mipaka ya ukarimu huo, kwani maelfu walipoteza kazi na wengi wakarudishwa makwao.

Kutoka nafsi moja hadi wengi

Tukirudi kwenye matini, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba hakuna mhusika mkuu. Msomaji aliyezoea hadithi ya mhamiaji atamtafuta Yav mwenyewe: alizaliwa wapi, alifika lini, alipanda vipi. Hatampata. Anayesimulia ni kundi, na linalosimuliwa ni mambo ya kundi: kazi, mishahara, chakula, mabwana wema na mabwana wakali, vita, na mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, ambao mnamo tarehe 9 ulimalizwa kwa risasi katika uwanja wa mpira. Idadi ya waliokufa siku hiyo ina mabishano mpaka leo. Katika kumbukumbu ya mji jina linalobaki ni la Léonard Mpoyi, karani aliyesimama mbele ya wenzake akauawa. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947, alilichora tukio hilo miongoni mwa picha zake za historia ya nchi.

Kukosekana kwa mhusika mkuu kuna maana. Hadithi ya mtu mmoja hupima mafanikio kwa umbali kati ya mwanzo na mwisho: alikuja bila viatu, sasa ana duka. Hadithi ya kundi haiwezi kutumia kipimo hicho, kwa sababu katika kundi wapo waliopata na waliokosa, waliozeeka na waliokufa. Kipimo chake ni kingine: tulitoa nini, na tunadai nini. Kwa mtazamo wetu, Vocabulaire ni kitabu cha hesabu kuliko kitabu cha ushindi. Kinaorodhesha kile ambacho wahamiaji waliuwekea mji, ili pasitokee mtu wa kusema kwamba mji ulijengwa na Wazungu peke yao.

Tofauti hii inadhihirika tukilinganisha matini ya Yav na maandishi ya mtumishi mwingine wa nyumbani wa Katanga, ambaye Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya uandishi wa watu wa kawaida, anamwita Julien. Katika miaka ya 1990 Julien aliandika maisha yake mara tatu, akimwandikia mama Mbelgiji aliyewahi kuwa mwajiri wake. Maisha hayo yamejaa taabu, nayo yanapangwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja ambaye uwezo wa kusaidia umo mikononi mwake. Hapa Julien yuko karibu na familia ya kambini inayokaa mbele ya ofisa kuliko alivyo karibu na Yav, ijapokuwa wote wawili walikuwa maboyi. Hatusemi kwamba simulizi la Julien lina thamani ndogo. Mtu husema kulingana na haja yake. Tunasema kwamba anayesikiliza huingia katika umbo la simulizi. Yav hamwombi mtu ruhusa ya kuingia. Anawaandikia watu walio ndani tayari, pamoja na watakaozaliwa.

Maana ya jina

Wasomaji wengi hushangazwa na jina la kitabu. Kwa nini historia iitwe msamiati, na hali kitabu hakina orodha ya maneno na maana zake? Mtu anaweza kujibu kwamba mwandishi alilitumia neno la Kifaransa bila kulifahamu vizuri. Jibu hilo ni jepesi mno, na tena lina dharau ndani yake. Kitabu kinajali sana majina: majina ya mahali, na majina ambayo Waafrika waliwapa Wazungu waliowatawala. Boyi aliingia katika nyumba ya bwana wake kwa mlango wa nyuma, akaitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto hata akiwa na mvi. Hakuwa na uwezo wa kubadili mshahara wake, lakini alikuwa na uwezo wa kumpa bwana jina, na jina hilo likaenea mji mzima bila bwana kujua maana yake. Kwa mtazamo huu msamiati ni mali ya asiye na mali. Mji wenyewe ulibeba jina la malkia wa Ubelgiji hadi mwaka 1966, ulipoitwa Lubumbashi. Yav na wenzake waliandika mwaka mmoja kabla ya hapo, na tayari walikuwa wakidai kwamba mji una maneno mengine, nao ndio wenye maneno hayo.

Uwezo wa kutaja, hata hivyo, unaweza pia kutumika dhidi ya mhamiaji. Mwaka 1992 na 1993, wakati Kyungu wa Kumwanza alipokuwa gavana wa mkoa ulioitwa Shaba, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga na hawakuwahi kuiona Kasai. Likasi na Kolwezi walijaa vituoni wakisubiri treni, na wengi walifia hapo au njiani. Kabla ya kufukuzwa walikuwa wamepewa jina: bilulu, yaani wadudu. Mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo kimya. Ni neno la mji huu, katika Kiswahili cha mji huu, lililotumiwa kumwondoa mjini mtu ambaye babu yake aliletwa kwa mkataba kuujenga. Ukimwita jirani mdudu, hesabu ya kile alichotoa imefutwa, na kilichobaki ni kufagia.

Upungufu wa hoja ya kazi

Hapa ndipo tunapolazimika kumkosoa Yav. Madai ya kitabu chake yanasimama juu ya nguzo moja: tulifanya kazi, kwa hiyo mji ni wetu pia. Ni madai ya haki, na yalilingana na fikra ya zama zake. Katika kambi za Union Minière, na baadaye za Gécamines baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, watu walizoea kusema: kazi njo baba, kazi njo mama. Kazi ilitoa nyumba, posho, shule, hospitali na hata jeneza. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001, juu ya familia za wafanyakazi hawa, kwa jina linalosema watoto wa shaba wameachwa na baba yao. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa umezidi tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mwaka 2003 ulianza mpango ambao kwa huo wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini, wakiwa wamepewa fedha ya mara moja. Haki iliyotegemea kazi peke yake ilipungua kadiri kazi yenyewe ilivyopungua. Si ajabu kwamba kufukuzwa kwa Wakasai kulitokea katika miaka ileile ya kuporomoka kwa kampuni. Mgeni aliyevumiliwa kwa sababu ya kazi alionekana mzigo kazi ilipokwisha.

Upungufu huu unatokana na jambo ambalo kitabu hakikulisimulia vya kutosha. Mke, mama na mtoto hawapati katika Vocabulaire nafasi inayolingana na ile ya bwana Mzungu na mtumishi wake. Pengine sababu ni aina ya kazi yenyewe: boyi alitumia siku yake nzima katika nyumba ya watu wengine, akiwapikia na kuwafulia, na maarifa anayotoa ni maarifa ya nyumba hiyo. Nyumba yake mwenyewe haionekani sana. Hatuoni jinsi mwanamke aliyetoka Kasai na jirani yake aliyetoka Luapula walivyogawana bomba la maji, walivyouguzana, walivyoozeshana watoto. Hatuelezwi jinsi familia zilivyotoka katika kambi na kujenga maisha katika Kenya, Katuba na Ruashi. Hilo ndilo pengo kubwa la kitabu, kwa sababu makazi hujengwa hapo. Mkataba humfikisha mtu mjini. Jirani na mtoto ndio wanaomfanya akae.

Familia katika lugha

Hata hivyo, lililokosekana katika masimulizi linaweza kusikika katika lugha. Kiswahili cha Vocabulaire si Kiswahili bora kinachofundishwa shuleni. Ni Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho humo batu huchukua nafasi ya watu, katoto na tutoto huchukua nafasi ya kitoto na vitoto, na neno njo hubeba kazi ambayo kwingineko hufanywa na ndiyo, ndio na ndicho. Viambishi ba-, ka- na tu- ni vya lugha za Kibantu za eneo hili, kama Kibemba na Kiluba. Maneno ya kazi na ofisi yanatoka katika Kifaransa, na mengine, kama boyi, katika Kiingereza kilichopitia kusini.

Hatupaswi kuipamba historia ya lugha hii. Fabian ameonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya Kiswahili katika Kongo ya Kibelgiji, kwamba kuenezwa kwa Kiswahili Katanga kulihusiana na haja ya Wabelgiji kuwa na lugha ya kuamrisha, na pia kuwatenga wafanyakazi na mvuto wa makoloni ya Waingereza ya kusini. Lugha ililetwa na kampuni na misheni kama chombo cha kazi. Lakini chombo cha kuamrisha hakihitaji kiambishi cha kudogosha cha kumwitia mtoto mchanga, wala utani, wala mithali. Sarufi tunayoikuta katika Kiswahili cha Lubumbashi haikutungwa na msimamizi wa mgodi. Ilitokea uani, kati ya watu wasioelewana kwa lugha za makwao, na watoto waliozaliwa humo wakaifanya lugha yao ya kwanza. Katoto ni neno la nyumbani.

Tukilitazama jambo kwa njia hii, lugha ya Yav inathibitisha zaidi ya hoja yake. Hoja yake inasema: tulifanya kazi hapa. Lugha yake inasema: tulizaa hapa. Na kwa kuwa Kiswahili hiki hakikuwa lugha ya kabila lolote kati ya yale yaliyokutana mjini, hakuna anayeweza kukitumia kumwambia jirani arudi kwao bila kujipinga mwenyewe. Neno bilulu lenyewe lilitamkwa kwa lugha ambayo aliyefukuzwa alishiriki kuiunda.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na maoni, yanayosikika hata katika madarasa, kwamba matini kama hii haifai kusomwa kwa kuwa Kiswahili chake ni kibovu. Anayeisahihisha ili ifanane na Kiswahili cha pwani anaondoa ushahidi ulio mkubwa kuliko yote. Kiswahili bora kina mahali pake, nasi tumekitumia katika makala haya. Lakini mhakiki anayepima Vocabulaire kwa kanuni za Unguja anafanya kama ofisa anayetaka mgeni asimulie maisha yake kwa umbo ambalo ofisa amelizoea.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba Vocabulaire inastahili nafasi katika fasihi ya uhamiaji, na kwamba inaifundisha fasihi hiyo jambo. Haimwonyeshi mgeni anayeshukuru kwa kupokelewa. Inaonyesha watu wanaodai watambuliwe kwa kile walichojenga. Tumeonyesha pia kwamba dai hilo, likitegemea kazi tu, huanguka pamoja na kazi, kama miaka ya 1990 ilivyotufundisha kwa gharama kubwa, na kwamba ni lazima liongezewe ushahidi wa nyumba na wa lugha.

Funzo hili halihusu mji wetu peke yake. Familia za Kikongo zilizopelekwa Marekani zimekwisha kusimulia taabu zao mbele ya maofisa, na huko hutazamiwa kuthibitisha thamani yao kwa kufanya kazi. Watoto wao wanakua kati ya Kiswahili cha nyumbani na Kiingereza cha shule. Siku watakapoandika habari zao, mtafiti asitafute humo taabu na mafanikio tu. Asikilize pia ni maneno gani wameyaunda ambayo hayakuwapo kambini wala hayakuwapo Marekani kabla yao. Kwetu sisi wa Lubumbashi kazi iliyo karibu ni kukusanya kile ambacho Yav hakuandika, yaani masimulizi ya akina mama wa kambi na wa mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi. Yakusanywe kama yanavyosemwa, wasimulizi wangali hai.